Wazazi washindi, watoto wa nyuma: jibu kwa mfugaji wa Plymouth Rock wa milia

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Pennsylvania, na huu ni mwaka wa tatu nafuga kuku wa kabila la Plymouth Rock, wale wa milia, kwa ajili ya maonyesho. Mwaka juzi nilinunua jogoo aliyeshinda na mitetea wawili walioshinda, wote kwa mfugaji mmoja, nikawaweka banda moja. Watoto wao wamenivunja moyo. Mapora (majogoo wachanga) wote ni weupe kuliko baba yao, na matembe (majike wachanga ambao hawajataga) wote ni weusi kuliko mama zao. Hakuna aliyepata hata nafasi ya tatu. Je, niliuziwa kuku wabovu? Na hakimu hutazama nini hasa? Kwa kuku wangu alisimama dakika moja tu akapita. Marehemu babu yangu alifuga kuchi Lamu, akimjua kuku mzuri kwa kumtupia jicho. Mimi bado sijui ninachopaswa kukiona.

JIBU: Marahaba, dada. Hapana, hukuuziwa kuku wabovu. Uliuziwa kuku wazuri ambao hawakupaswa kukaa banda moja, na aliyekuuzia alipaswa kukueleza hivyo kabla hujalipa. Mapora weupe na matembe weusi kutoka kwa wazazi washindi ni jambo ambalo kila aliyewahi kuzalisha kuku hawa kwa maonyesho angekutabiria. Inauma, lakini ina sababu inayoeleweka na ina dawa.

Anza na jaribio dogo. Chomoa unyoya mmoja wa kiunoni kwa yule jogoo wako mshindi, na mmoja wa mgongoni kwa mtetea mshindi. Yaweke manyoya yote mawili juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Utaona milia ya giza na milia ya mwanga ikipishana, iliyonyooka, na ncha ya kila unyoya ikiishia na giza. Yanakaribiana sana kwa rangi, karibu kama yametoka kwa kuku mmoja. Kufanana huko hakuji kwenyewe. Kumetengenezwa na watu kwa miaka mingi, na jinsi kulivyotengenezwa ndilo jibu la swali lako.

Jeni inayoleta milia, yaani kile kipande cha urithi kinachoamua sifa hiyo, imekaa kwenye kromosomu ya Z, mojawapo ya zile mbili zinazoamua jinsia. Kwa ndege, dume ndiye mwenye Z mbili. Jike ana Z moja na W moja. Kwa hiyo jogoo wa milia aliye safi hubeba jeni hiyo mara mbili, na mtetea huibeba mara moja tu, hata awe wa ukoo bora namna gani. Kazi ya jeni yenyewe ni kukatiza rangi wakati unyoya unakua: chembe zinazotengeneza rangi huisha mapema, unyoya unaendelea kuota bila rangi, kisha chembe mpya zinafika na giza linarudi, na mzunguko unaanza tena. Jeni ikiwa mara mbili, ukatizaji ni mkubwa na sehemu nyeupe inapanuka. Ndiyo maana kuku wa milia wakiachwa wazaane bila mkono wa mtu, jogoo huwa mweupe kuliko dada yake wa tumbo moja.

Sasa maonyesho nayo yakaja na matakwa yake. Kuku waliopewa jina la Plymouth Rock walionekana Boston kwenye maonyesho ya mwaka 1849, lakini hawa wa milia tunaowajua leo wanatokana na kuku walioonyeshwa Worcester, Massachusetts, mwaka 1869. Damu yao ilichanganya kuku wa milia wa kabila la Dominique na kuku weusi wakubwa wenye asili ya Asia. American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani, iliundwa Buffalo mwaka 1873, na mwaka uliofuata ikatoa kitabu chake cha kwanza cha vigezo. Plymouth Rock wa milia wakawemo. Wafugaji wa maonyesho walitaka jogoo na mtetea wakiwekwa vizimba jirani wawe na rangi moja. Asili haitoi hivyo. Basi wakagawa kuku wao koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa madume. Huu umechaguliwa kuwa na giza jingi, kiasi kwamba jogoo, pamoja na jeni zake mbili, anatoka na rangi inayotakiwa kizimbani. Dada zake, wenye jeni moja, wanatoka weusi mno na hawaonyeshwi kamwe. Kazi yao ni kuzaa majogoo. Ukoo wa pili ni wa majike, nao umechaguliwa kuwa na mwanga mwingi. Humo mtetea ndiye anayetoka na rangi sahihi, na kaka zake wanatoka weupe mno. Hawa nao hawaonyeshwi, lakini bila wao hakuna mtetea mshindi.

Wewe ulichukua jogoo mshindi, yaani wa ukoo wa madume, ukampandisha na mitetea washindi, yaani wa ukoo wa majike. Watoto wakaangukia katikati. Mapora wakapata nusu ya mwanga wa upande wa mama, wakawa weupe kuliko baba. Matembe wakapata nusu ya giza la upande wa baba, wakawa weusi kuliko mama. Hakuna kilichoharibika katika damu. Koo mbili zilizotenganishwa kwa makusudi zimekutana tu.

Ufanye nini? Chagua ukoo mmoja na uuache mwingine. Kwa mtu mwenye eneo dogo nashauri bila kusita ukoo wa majike. Ukifuata wa madume, itakubidi ulishe mitetea wengi weusi ambao hutawapeleka popote. Ukifuata wa majike, mitetea wako wote ni wa kuonyesha na wa kutaga, unabakiza jogoo mweupe mmoja au wawili kwa uzazi, na mapora wanaozidi wanakwenda sufuriani wakiwa na nyama nzuri. Mitetea wako wawili unao tayari. Rudi kwa aliyekuuzia, umwombe kaka au baba wa mitetea haohao, mweupe vilevile alivyo. Jogoo wako mshindi mwuze au umbadilishe kwa mtu mwenye ukoo wa madume, kwani kwake ana thamani kubwa. Matembe wa mwaka jana waweke kwa mayai ya nyumbani tu. Ukianza kuwazalisha hao mchanganyiko wenyewe kwa wenyewe, kizazi cha pili kitatoka kila rangi na hutajua unachagua nini. Endapo jogoo wa ukoo ule hapatikani, mchukue pora wako mweupe kuliko wote na mwenye milia mikali kuliko wote, umrudishe kwa mama zake, na ufanye hivyo vizazi viwili vitatu. Utafika, ila polepole.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo moyo wa kazi yote. Tembe hupokea Z yake kutoka kwa baba peke yake. Mama humpa W. Jeni ya milia ya kila binti yako, basi, inatoka kwa jogoo, hata kama jogoo huyo hataonja kizimba cha maonyesho maisha yake yote. Kwa hiyo mkague jogoo mweupe wa ukoo wa majike kwa ukali uleule ambao hakimu angemkagulia mshindi. Mtazame ukingo wa kila mlia: giza linapokutana na mwanga, je, linakata kama wino kwenye karatasi, au linatawanyika kama moshi? Tazama kama milia imenyooka au imepinda kama kiatu cha farasi. Fumua manyoya ya kiunoni mpaka ngozini uone kama milia inafika chini kabisa kwenye manyoya laini. Weupe wake si kosa. Ukungu ndio kosa, na ukungu atawagawia binti zake wote.

Mlia mkali pia unahitaji unyoya unaokua polepole. Kifaranga anayevaa manyoya mapema anapendeza na anaonekana mwenye afya kuliko wenzake, nawe utashawishika kumbakiza. Katika kuku hawa mara nyingi huyo ndiye mwenye milia mipana, iliyovurugika. Wafugaji wa zamani walichagua wale waliochelewa, na walikuwa sahihi. Vumilia kuwaona vifaranga wako wakiwa nusu uchi wakati wa jirani wameshafunikwa. Wape joto la kutosha tu.

Tahadhari nyingine ni ya kununua jogoo. Ukikutana na jogoo wa milia aliye mweusi kupita kawaida, mwenye rangi kama ya mtetea, usimkimbilie. Huenda ni mchanganyiko anayebeba jeni mara moja. Utamjua kwa watoto: ukimpandisha na mitetea wa milia, mapora wote watatoka na milia, lakini takriban nusu ya matembe watatoka weusi watupu. Tembe mmoja mweusi mtupu anatosha kukuambia yote. Ukimgundua, mwondoe katika uzazi siku hiyohiyo.

Faida ya jeni hii ni kwamba siku ya kuangua unaweza kubagua jinsia kwa uhakika wa kuridhisha. Vifaranga wote huanguliwa weusi wenye doa jeupe kisogoni. Doa la dume ni kubwa na limetawanyika kingo zake. La jike ni dogo na limekusanyika, na miguu yake ina weusi zaidi mbele. Andika siku hiyo. Mvishe kila kifaranga alama, ama pete ya mguuni ama tundu dogo kwenye ngozi kati ya vidole, ujue mama yake ni nani. Kila banda la uzazi liwe na jogoo mmoja. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, maana mbegu za jogoo wa kwanza hukaa mwilini mwa mtetea siku nyingi baada ya yeye kuondoka. Kuku asiye na kumbukumbu za wazazi hawezi kukufundisha lolote, hata ashinde mara kumi.

Usichague rangi mapema. Manyoya ya kitoto hudanganya. Kwenye wiki ya nane ondoa wenye kasoro za mwili: vidole vilivyopinda, mkia ulioinamia upande, upanga wa kichwani wenye kijino kilichochomoza ubavuni. Rangi isubiri manyoya ya utu uzima.

Sasa hakimu. Niliwahi kumwandikia hakimu kadi zake siku nzima, Novemba moja, ndani ya ukumbi wa baridi wenye safu za vizimba, na siku ile ilinifunza kuliko miaka mitano ya banda langu. Hakugusa kuku hata mmoja kwanza. Alisimama mbali, akapita safu nzima ya mitetea wa milia huku mikono iko nyuma, akarudi, kisha akanionyesha vizimba vinne kwa kidole. Nikamwuliza ameona nini kwa umbali ule, na rangi bado hajaikagua. Akasema ameona Plymouth Rock wanne. Wengine, alisema, ni kuku wenye milia.

Babu yako alikuwa anafanya hivyo na kuchi wake, dada. Mtu wa Lamu anapomtazama kuchi haanzi na rangi. Anaanza na kimo, anavyosimama, shingo, mdomo mfupi mnene, upanga mdogo uliolala kichwani. Rangi huja baadaye. Kwa wafugaji wa maonyesho Marekani na Uingereza kuna msemo wa siku nyingi kwamba umbo ndilo kabila na rangi ndiyo aina. Plymouth Rock awe mrefu wa mgongo na mpana, upana ule uendelee kutoka mabegani mpaka mkiani bila kubanwa, kifua kimejaa, miguu imeachana vizuri. Vigezo vya Marekani vinamtaka jogoo mzima wa takriban kilo 4.3, pora kilo 3.6, mtetea kilo 3.4 na tembe kilo 2.7. Kuku mwenye milia ya kupendeza lakini mgongo mwembamba kama wa kuku wa mayai hatashinda mbele ya hakimu anayejua kazi yake, na haki ni hiyo.

Baada ya hapo ndipo akaanza kuwashika wale wanne. Alifungua mlango wa kizimba polepole, akamtoa mtetea kichwa kikitangulia, akamlaza kifua juu ya kiganja, miguu kati ya vidole vyake. Akatazama macho, upanga wa meno matano, masikio mekundu. Akapitisha kidole kwenye mfupa wa kifua kujua kama umenyooka na una nyama. Akakunjua bawa, moja kisha la pili, akayakagua moja moja yale manyoya makubwa, maana hapo ndipo weusi mtupu hujificha bawa likiwa limefungwa. Kisha akafanya jambo ambalo tangu siku ile nalifanya kila jioni bandani: akapuliza mgongoni. Manyoya yakaachana, ngozi ikaonekana, na kwenye shina la kila unyoya kulikuwa na kijivu kisicho na mlia. Akaniambia niandike, “Milia haifiki ngozini.” Mtetea huyo alikuwa ndiye mzuri kuliko wote kwa nje. Akawa wa tatu.

Kwa hiyo ile dakika moja haikuwa dharau. Hakimu wako ana mamia ya kuku wa kupitia siku hiyo, na hampi kila kuku alama kwa hesabu. Analinganisha waliopo mbele yake. Kama alisimama kwako dakika moja, inawezekana alishaona umbo la kuku wako liko sawa na rangi ndiyo iliyokuangusha. Mwaka huu, akimaliza safu, mfuate kwa adabu umwombe akuonyeshe bawa la kuku wako na bawa la mshindi. Wengi wao hufurahi kuulizwa.

Maandalizi nitayasema kwa ufupi, maana hayaokoi kuku mbaya. Mzoeze kizimba kidogo wiki mbili kabla, umshike kila siku, umtoe na kumrudisha kichwa kikitangulia ili asivunje manyoya. Mwoshe siku mbili au tatu kabla: beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni laini, la pili la kusuuza, la tatu lenye siki kidogo, ukifuata unyoya unavyolala na kamwe si kinyume. Magamba ya miguu yasugue kwa mswaki wa zamani, kisha paka tone la mafuta miguuni na kwenye upanga. Mkague utitiri na chawa chini ya bawa na karibu na kinyeo. Hakimu akiwaona, safari yako imekwisha. Kuku wa maonyesho akae kivulini wakati wa kiangazi, kwani jua hubadili kijivu safi kuwa na umanjano wa shaba. Unyoya wa bawa uliovunjika ukichomolewa huchukua wiki sita hadi nane kuota, basi angalia kalenda kabla hujagusa. Na usipake rangi wala kukata unyoya kuficha weusi. Huo ni udanganyifu, kuku huondolewa, na jina lako linabaki nalo.

Miguu ya mtetea anayetaga itapauka, kwa sababu ule umanjano unakwenda kwenye kiini cha yai. Hakimu mzuri analijua hilo. Bado, kati ya mitetea wawili walio sawa, mwenye miguu ya manjano ndiye atakayesogezwa mbele, na ndiyo sababu wafugaji hupeleka tembe ambaye ndiyo kwanza anakaribia kutaga. Kwa kuku wa ukubwa huu hesabu miezi saba au nane tangu kuangua. Ukilenga maonyesho ya Novemba, vifaranga wako waanguliwe Machi.

Pia usisahau karatasi za kipimo cha homa ya matumbo na kuhara kweupe kwa kuku. Maonyesho mengi Marekani huzitaka chini ya mpango wa kitaifa wa kuboresha kuku ulioanza mwaka 1935. Wakirudi nyumbani, watenge wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wenzao. Mafua ya ndege yalifungisha maonyesho katika majimbo kadhaa mwaka 2015, Ohio ikiwemo, na yamerudi mara nyingine tangu hapo.

Ukiona koo mbili ni mzigo, ipo njia nyingine yenye heshima yake, nayo ni kufuga Dominique, yule mzee wa milia ambaye Plymouth Rock alichipuka kwake. Milia yake inatakiwa iwe na mawimbi, haidaiwi ukali ule, na vigezo vinakubali jogoo awe mweupe kidogo kuliko mtetea, kama asili inavyotoa. Banda moja linatosha kupata jogoo na mtetea wa kuonyesha. Upanga wake ni wa waridi, hauna meno marefu, kwa hiyo baridi ya Pennsylvania haitauuma kirahisi.

Lakini nadhani utabaki na hawa ulio nao, kwa sababu umeshawapenda. Basi wiki hii fanya matatu. Mtoe jogoo mshindi bandani. Mpigie simu aliyekuuzia umwulize wazi, mitetea hawa baba yao ni yupi na yuko wapi. Kisha usiku, kuku wakiwa wametulia juu ya fito, nenda na tochi, uwapulize mgongoni mitetea wote wawili mpaka uone ngozi. Yule ambaye milia yake inafika chini ndiye mayai yake yaingie kwenye mashine ya kutotolesha kwanza.